Gololi za brasi: mwongozo kamili wa kuzitambua, kuzing'arisha na kuzitumia, pamoja na ule msemo wake

Tuanze na hela maana ndiyo inayouma. Brasi inauzwa kwa kilo na watu wa skrepa wanailipia vizuri kuliko chuma cha kawaida, sasa kwa sababu hiyo kila kitu cha njano kinachong'aa siku hizi kinaitwa brasi. Kirungu cha kitanda brasi, kitasa cha duara brasi, gololi ya juu ya ngazi brasi, unalipa, unafika nyumbani, unakwangua kidogo na ncha ya kisu unakuta jivu-jivu chini. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye kupima kabla hujatoa pesa, halafu kusafisha, halafu matumizi, na huko mbele tutagusa ule msemo wa Wamarekani wa kumwambia mtu asiyeogopa kwamba korodani zake ni za brasi ("brass balls", yaani gololi za brasi), maana kuna hadithi moja ya mizinga inasambazwa kila siku na ni uongo, na kwa hesabu ndogo tu utaiona inavyoanguka.

Brasi yenyewe ni kopa (shaba nyekundu) iliyochanganywa na zinki. Zinki ikiwa kama asilimia 30 unapata brasi laini inayokunjika na kupigika bila kupasuka, ikifika 40 inakuwa ngumu kidogo na inafaa kutengenezea koki na fitingi. Brasi nyingi ya kukereza inatiwa na madini ya risasi kidogo, asilimia 2 au 3 hivi, ili ikikerezwa ikatike vizuri, kwa hiyo nawa mikono ukimaliza kazi na usimpe mtoto mdogo gololi ya brasi achezee, kwanza ataiweka mdomoni, pili anaweza kuimeza.

Hatua ya kwanza: jua kama umeshika gololi iliyojaa au iliyo tupu ndani

Hapa ndipo watu wanachanganya mambo. Gololi ndogo za maabara, za koki, na zile za kwenye timazi za mafundi ujenzi (kuna timazi ni ya duara, nyingine imechongoka) mara nyingi zimejaa mwanzo mwisho. Virungu vya vitanda vya zamani, vile vinavyokaa juu ya nguzo nne, mara nyingi ni bati la brasi lililofinyangwa nusu mbili zikaunganishwa, ndani hewa. Mpira wa floti ya tenki la zamani nao hivyohivyo, ungekuwa umejaa usingeelea.

Uzito unakwambia haraka. Gololi iliyojaa yenye kipenyo cha milimita 50 inatakiwa iwe na zaidi ya nusu kilo, kama gramu 556. Ya bati la milimita 1, saizi hiyohiyo kwa nje, inakuwa na gramu 64 tu. Sasa muuzaji akikwambia hiki kirungu kimejaa na kinakaa mkononi kama yai, mrudishie taratibu.

Kujua hili sio kwa ajili ya bei peke yake. Gololi tupu iliyozibwa pande zote USIIWEKE KWENYE MOTO kabisa. Hewa ndani inatanuka, na kama kuna tone la maji limeingia kupitia ufa mdogo linageuka mvuke, inaweza kupasuka usoni kwako.

Hatua ya pili: sumaku, ila usiishie hapo

Brasi haishikwi na sumaku. Chukua sumaku yoyote yenye nguvu, ya spika mbovu inafaa sana, isogeze. Ikinasa, hiyo ni chuma kilichochovywa rangi ya brasi, kwaheri. Tatizo ni kwamba wengi wakiona haijanasa wanashangilia na kulipa. Kuna aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki inayotumika mno kutengeneza vitasa na mapambo ya bei rahisi, nayo sumaku haiigusi, inamiminwa kwenye umbo halafu inachovywa juu inapata ule unjano mzuri kabisa. Kwa macho huwezi kuitofautisha, na sumaku nayo haikusaidii.

Igonge kidogo na kitu cha chuma ikiwa inaning'inia kwenye uzi. Brasi inalia, sauti inakaa kaa kidogo. Aloi ya zinki inatoa "tak" na kunyamaza. Hii inataka sikio lililozoea, kwa hiyo ichukulie kama dalili tu.

Hatua ya tatu: tupa

Tafuta sehemu isiyoonekana, kwenye tundu la skrubu au chini panapokaa. Piga tupa mara mbili. Njano ikiendelea ndani, safi. Ikitokea nyeupe au kijivu chini ya ngozi ya njano, imechovywa. Ikitokea nyekundu-nyekundu, inawezekana ni kopa au bronzi, au ni brasi iliyokaa kwenye maji muda mrefu mpaka zinki ikatoka na kubaki kopa peke yake yenye vitundu vitundu, hiyo inakuwa imedhoofika hata kama umbo limebaki zuri. Muuzaji akikataa usipige tupa mahali popote, hata ndani ya tundu, jibu umeshapewa.

Hatua ya nne: maji na mizani (hii ndiyo yenyewe)

Hii naipenda kuliko zote kwa sababu haiharibu kitu na haitaki utaalamu. Unahitaji mizani ya jikoni ya kidijitali, ile ya kupimia unga wa keki, ikiwa inasoma mpaka gramu 0.1 ndiyo raha zaidi, glasi ya maji na uzi.

Pima gololi ikiwa kavu, andika namba. Kisha weka glasi yenye maji juu ya mizani na ubonyeze kile kitufe cha kurudisha sifuri. Funga gololi na uzi mwembamba, ishushe ndani ya maji mpaka izame yote, ila isiguse chini wala ukingo wa glasi, mkono wako ndio unaishikilia inaning'inia pale katikati. Utaona mizani inapanda namba ingawa gololi haijatua popote. Watu huwa wanashangaa hapa. Maji yanaisukuma gololi juu, na gololi nayo inayasukuma maji chini kwa nguvu ileile, na kwa vile sentimita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa gramu 1, ile namba inayosomeka ndio ujazo wa gololi yako. Hakuna kupima kipenyo wala nini.

Gawanya uzito mkavu kwa hiyo namba. Mfano gololi ya milimita 25 iwe na gramu 69.5, kwenye maji mizani isome 8.2, ukigawanya unapata kama 8.5. Brasi inaangukia kati ya 8.4 na 8.7. Kopa tupu ni karibu 8.96, chuma ni 7.8 na kitu, aloi ya zinki ya vitasa inacheza kwenye 6.6 au 6.7, aluminiamu 2.7. Unaona pengo lilivyo kati ya brasi na zinki, huwezi kukosea hata mizani yako ikiwa ya gramu nzima nzima. Kutofautisha brasi na kopa ndio utataka mizani nzuri, au pima gololi kadhaa kwa pamoja kwenye mfuko wa wavu ili namba iwe kubwa.

Mambo mawili ya kuangalia. Vipovu vya hewa vinavyoganda kwenye gololi vinakudanganya, itikise kidogo ndani ya maji vitoke. Na kama gololi ina tundu la skrubu, ligeuze liangalie juu maji yaingie mpaka ndani. Kwa gololi iliyozibwa na tupu ndani kipimo hiki hakisemi ni metali gani, ila kitakuonyesha namba ya chini sana na utajua ni tupu, na ikielea ndio kabisa umeshajibiwa.

Hatua ya tano: kusafisha

Kabla hujasugua jiulize kama inatakiwa kusuguliwa. Kirungu cha kitanda cha babu ambacho kimepata rangi ya kahawia tulivu, wanunuzi wa vitu vya kale wanaipenda hiyo rangi, ukiing'arisha ikawa kama ya dukani umeishusha thamani mwenyewe. Futa vumbi, pangusa na kitambaa chenye mafuta kidogo, basi.

Kama unataka ing'ae kweli, anza kwa kuangalia vanishi. Vitu vingi vya brasi vya kiwandani vimepakwa vanishi isiyoonekana, ikianza kuzeeka inabanduka vipande vipande na kuacha mabaka meusi yenye kingo kama ramani. Juu ya vanishi utasugua mpaka kesho, hakuna kitu. Itoe na asitoni au ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, fanya nje penye hewa, mbali na jiko.

Osha na sabuni kwanza kutoa mafuta ya mikono. Baada ya hapo njia ya pwani inatosha kabisa, ileile ya kusafishia masinia na madele ya kahawa: ukwaju. Loweka kwenye maji ya vuguvugu, uponde uwe uji, upake, subiri dakika tano mpaka kumi, sugua na kumbi la nazi lililolainika au kitambaa, suuza. Ndimu iliyochovywa kwenye chumvi nayo inafanya kazi, tena haraka zaidi, ila hapo uwe makini usiisahau. Asidi ikikaa muda mrefu inakula zinki juu juu na unabakiwa na madoa ya pinki, halafu unaanza kazi upya. Dakika moja mbili, suuza na maji mengi, kausha PALE PALE, maana brasi ikikauka yenyewe na maji ya bomba inabaki na madoa.

Mikwaruzo ya kina inataka msasa wa maji, anza na namba 600, nenda 1000, malizia 2000, kila ukibadilisha msasa badilisha na mwelekeo wa kusugua ili uone kama mikwaruzo ya msasa uliopita imeisha. Mwisho Brasso, ile dawa ya kung'arishia metali, kwenye kitambaa laini. Ukiwa na gololi nyingi mpelekee mkerezaji azishike kwenye mashine yake, dakika chache imeisha. Usije ukafunga kitambaa mkononi halafu ukashika gololi inayozunguka kwenye drili, kitambaa kinavutwa na vidole vinakwenda nacho.

Ukimaliza paka nta ya nyuki nyembamba na uifute. Kwa mtu wa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja hii usiiruke, hewa ya chumvi inaifubaza brasi haraka sana, waulize wanaotunza ile milango ya Mji Mkongwe yenye misumari mikubwa ya brasi. Ila kwa kitasa kinachoshikwa na watu wengi mimi ningekiacha bila nta wala vanishi. Kopa na brasi zinaua bakteria zenyewe, mwaka 2008 mamlaka ya mazingira ya Marekani iliziruhusu aloi za kopa zitangazwe hivyo rasmi, na ukiipaka kitu juu umeizuia isifanye kazi hiyo.

Kuhusu kuhifadhi, kitu kimoja tu, iweke mbali na amonia. Zamani jeshi la Waingereza kule India lilikuwa linahifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi msimu wa mvua, maganda ya brasi yakawa yanapasuka yenyewe bila kuguswa, na ikaja kujulikana kuwa ni amonia ya mkojo wa farasi inayoingia kwenye brasi iliyo na mkazo ndani yake. Kirungu cha bati kilichofinyangwa kina mkazo wa namna hiyo. Kwa hiyo sio bandani kwa mbuzi, na dawa za usafi zenye amonia ukizitumia zifute zote.

Na tafadhali msiyeyushe brasi jikoni kwa kuangalia video. Inayeyuka kuanzia kama nyuzi 900, na zinki inachemka kwa nyuzi 907, yaani karibu palepale, unapata moshi mweupe ambao ukiuvuta jioni unatetemeka kwa homa.

Hatua ya sita: kuitumia

Ya kwanza ni maabara. Kila aliyepita sekondari ameona au amesimuliwa lile jaribio la gololi na pete, gololi ya baridi inapita kwenye pete, ukiipasha moto haipiti. Linatoka kwa Mholanzi Willem 's Gravesande, aliyefariki mwaka 1742. Shule nyingi vifaa vimepotea, ila mkerezaji anaweza kukutengenezea, na siri yote iko kwenye nafasi kati ya gololi na pete.

Hesabu yake hii hapa. Brasi inatanuka kama sehemu 19 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Gololi ya milimita 25 ukiipandisha nyuzi 300, ni 25 mara 19 mara 300 gawa kwa milioni, milimita 0.14. Basi! Ni kama unene wa karatasi moja nzito. Kwa hiyo mwambie fundi tundu la pete liwe milimita 25.05, lisizidi 25.1, maana akikuachia nafasi ya robo milimita utapasha mpaka gesi iishe na gololi itaendelea kupita tu. Gololi iwe iliyojaa, yenye mnyororo au waya wa chuma, mpini wa mbao. Pasha kwenye bunseni au jiko la gesi dakika chache, iweke juu ya pete, inakaa. Iache hapohapo uendelee kufundisha, ikipoa inadondoka yenyewe na darasa zima linageuka.

Halafu fanya na hili ambalo walimu wengi wanaliruka: gololi ikiwa ya moto na imekataa, ipashe na pete nayo. Waulize wanafunzi kwanza tundu litakuwa dogo au kubwa. Nusu watasema dogo, kwamba chuma kinatanuka kuja ndani. Tundu linakuwa kubwa, gololi inapita.

Huyuhuyu 's Gravesande ndiye aliyekuwa anadondosha gololi za brasi kwenye udongo laini wa mfinyanzi, mwaka 1722, akaona gololi ikipiga na kasi mara mbili inasukuma udongo mara nne, sio mara mbili kama wengi walivyodhani. Mwanamama wa Kifaransa Émilie du Châtelet akaitetea hoja hiyo kwenye kitabu chake cha 1740. Unaweza kulifanya mwenyewe leo, dondosha kutoka sentimita 25 halafu kutoka mita 1, hapo kasi imeongezeka mara mbili, kisha jaza maji kwenye kila shimo kwa bomba la sindano ulinganishe.

Pendulamu nayo gololi ya brasi inaifaa sana kwa sababu ni ndogo ila nzito, upepo hauisumbui. Urefu unapimwa kutoka unaponing'inia uzi mpaka KATIKATI ya gololi, sio mpaka juu yake, hapa ndipo matokeo ya wanafunzi wengi yanapoharibika. Ukiweka mita 1 kamili kwenda na kurudi ni karibu sekunde 2, na gololi iwe nzito au nyepesi haibadilishi kitu.

Ya pili ni koki ya maji ya mkono mmoja, ile ya kugeuza robo duara. Ndani yake kuna gololi yenye tundu, nyingi ni brasi iliyochovywa kromu. Ukinunua angalia mwilini kama imegongwa CW617N, hiyo ni alama ya brasi ya viwango vya Ulaya, halafu isogeze sumaku kama tulivyosema maana maandishi hata mimi naweza kugonga. Usiiache nusu wazi kwa miezi, maji yanapita kwa kasi upande mmoja na kula vile vipete vyeupe vinavyoishika gololi, mwishowe haifungi. Ifunge au ifungue yote, na ambayo haiguswi igeuze mara moja moja isije ikagoma.

Hatua ya saba: ule msemo

Kwa Kiingereza mtu mwenye uthubutu uliopitiliza wanamwambia korodani zake ni za brasi. Sisi tungesema ana roho ngumu, na akizidisha tunasema ana macho makavu. Kiukweli kama sifa ni ugumu walikosea metali, gololi ya chuma cha beringi inaichana brasi bila jasho. Brasi inasifika kwa kutoshika kutu na kutotoa cheche, labda ndio ujasiri wenyewe, kutolipuka.

Sasa ile hadithi. Wanasema kuna msemo mwingine wa Kiingereza, wa baridi kali inayoweza kumng'oa nyani wa brasi korodani zake, na kwamba asili yake ni meli za kivita: eti mabomu ya duara ya chuma yalipangwa piramidi juu ya sinia la brasi lililoitwa nyani, baridi ikija brasi inanywea zaidi kuliko chuma, mabomu yanadondoka. Inasikika vizuri mno. Tumia hesabu ileile ya pete. Sinia la mita 1, baridi ishuke nyuzi 40, brasi inanywea milimita 0.76. Chuma nacho kinanywea, kama 0.45. Tofauti ni milimita 0.3 kwenye mita nzima. Hakuna bomu la kilo kadhaa linalodondoka kwa milimita 0.3, na kama lingekuwa linadondoka kwa hiyo, wimbi la kwanza tu lingeyamwaga yote hata kukiwa na joto la Zanzibar. Meli ziliyaweka kwenye mbao zenye matundu, na jeshi la majini la Marekani lenyewe linasema ni ngano. Maandishi ya zamani ya karne ya 19 yana nyani huyohuyo akipoteza pua, masikio au mkia, tena mara nyingine kwa joto.

Ukitaka kuutumia msemo wa ujasiri, ni wa mtaani na una matusi ndani. Kwa washkaji sawa, kwenye usaili wa kazi au mbele ya wakwe acha. Wamarekani wanawaambia na wanawake hivyohivyo na hawaoni shida, ila kwenye barua pepe ya ofisini sema tu "she has nerve" na utaeleweka.